Goma, Mei 2021: mitaa kumi, barabara moja

Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka siku tano kabla, Jumamosi jioni ya tarehe 22. Lava ilishuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji, ikasimama kabla ya kugusa uwanja wa ndege, lakini ardhi haikutulia. Vipimo vilionyesha magma imejipenyeza chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Amri ilisema watu waelekee Sake, mji mdogo wa upande wa magharibi.

Watu wapatao 400,000 waliondoka. Wengine walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine wakapata nafasi katika boti za Bukavu, lakini umati mkubwa uliingia katika barabara moja ya magharibi. Magari, motari (waendesha pikipiki), chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma) zilizobeba magodoro na watu wa miguu walibanana kwenye lami ileile.

Kisa hiki huelezwa zaidi upande wa mlima. Hapa tunakichambua upande wa avenyu na viwanja, kwa sababu mlima hauna meya wala ofisi ya kadastri, yaani ya upimaji wa viwanja. Avenyu zinazo.

Mji uliobanwa

Kusini kuna ziwa. Mashariki kuna Rwanda, na njia kuu za kupita ni mbili: Bariyeri Kubwa na Bariyeri Ndogo. Kaskazini kuna volkano yenyewe na Hifadhi ya Virunga. Barabara ya taifa namba 2 hupita huko kwenda Rutshuru, ila lava ya tarehe 22 ilikuwa imeikata karibu na Kibati, na watu kadhaa waliojaribu kuvuka juu yake kabla haijapoa walikufa kwa kukosa hewa. Ikabaki magharibi: barabara hiyohiyo namba 2, inayotoka mjini kupitia Katindo, Ndosho na Mugunga hadi Sake, kilomita 25 hivi.

Ndani ya mji kuna ukuta mwingine ambao wengi hawauhesabu kama ukuta, nao ni uwanja wa ndege. Njia yake ya kurukia, yenye urefu wa kilomita 3 kama ilivyojengwa, imelala kaskazini kwenda kusini, na hakuna avenyu inayoikata. Mtaa wa Bujovu uko kati ya uwanja huo na mpaka wa Rwanda. Mtu wa Bujovu aliyeambiwa aende Sake, yaani magharibi, alipaswa kwanza kushuka kusini kuelekea ziwa, apite katikati ya mji, ndipo ageuke. Tarehe 27 Mei hofu ilikuwa magma iliyo chini ya mji na chini ya ziwa, kwa hiyo amri ya kukimbia hatari ilimpeleka kwanza kwenye hatari. Gavana yeyote angekuwa na ramani ileile mezani. Kosa lilikuwa limefanyika miaka mingi kabla, kiwanja kwa kiwanja.

Wakaaji wa Majengo, Virunga na Mabanga Kaskazini hawakuwa na sababu hiyo ya kushuka. Mahali walipo, njia fupi ya kwenda Sake ni kukata magharibi moja kwa moja, kupitia Katoyi hadi Ndosho. Huko kuna vijia vingi, lakini vilivyonyooka kutoka mtaa mmoja hadi wa pili ni vichache: kimoja huishia kwenye lango la kanisa, kingine hupungua mpaka pikipiki mbili zisipishane, kingine hugonga ukingo wa lava ya zamani. Mtu mwenye watoto na mzigo, usiku, hawezi kubahatisha kijia. Anashuka kwenye lami anayoijua. Wote wakashuka.

Hesabu ya upana

Barabara yenye lami ya mita 7 ni kitu kinachoweza kupimwa. Watu wanaotembea bila kusukumana hupita takriban mtu mmoja kwa sekunde katika kila mita ya upana. Tuseme mita 2 zinachukuliwa na magari na mita 5 zinabaki kwa watu wa miguu. Hapo watapita watu 18,000 kwa saa. Kwa watu 400,000 hiyo ni saa 22, bila mtu kuanguka na bila gari kuharibika.

Sasa weka lori moja lililokufa injini, na ligablo, yaani kibanda cha biashara, lililosogea hadi ukingo wa lami, mahali fulani kati ya Katindo na Ndosho. Upana wa watu unashuka kutoka mita 5 hadi 2, na watu wanaopita ni 7,200 kwa saa. Saa 22 zimekuwa 55. Haidhuru barabara ina mita ngapi kilomita nzima inayofuata, kwa sababu upana wa njia ni upana wa mahali pake pembamba kuliko pote. Ndiyo maana anayepima avenyu kwa ajili ya usalama hapimi wastani. Anatafuta koo la njia, anapima hapo, kisha anaendelea kutafuta jingine.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha dawa, na dawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ongeza njia mbili za miguu kupitia mitaa ya kaskazini, kila moja mita 3 tu, bila lami na bila taa. Kila moja inapitisha watu 10,800 kwa saa. Jumla inakuwa 39,600, na saa 22 zinashuka hadi 10. Hakuna daraja la kujenga wala mkopo wa kuomba. Kinachotakiwa ni mita 3 zilizonyooka, ambazo hakuna mtu amezijengea.

Hizi ni hesabu za karatasi. Siku yenyewe kuna wazee, wagonjwa na mbuzi. Lakini makosa ya karatasi yanaathiri njia zote sawasawa, na tofauti kati ya njia moja na njia tatu inabaki.

Avenyu inavyokufa

Avenyu haifungwi kwa siku moja. Inaanza na ukuta. Mwenye kiwanja anajenga uzio wa makoro, mawe ya lava yaliyojaa kila mahali, na anausogeza nje kwa mita 1 kwa sababu kuchimba msingi ndani ya mwamba ni kazi ngumu, na pale nje kuna mahali pameshalainishwa na nyayo. Jirani wa ng'ambo anafanya vivyo hivyo. Avenyu ya mita 8 imebaki 6. Kisha linakuja ligablo la mbao kwenye kona. Kona ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu hapo gari linahitaji nafasi ya kugeuka: gari la zimamoto likinyooka linatosheka na mita 3.5 hadi 4, lakini kwenye kona linahitaji nusu kipenyo cha mita 10 au zaidi.

Hatua inayoua ni ya mwisho. Kichwani mwa avenyu palikuwa na kipande wazi, labda kilikusudiwa kuwa njia panda au uwanja wa watoto. Mtu anakipimia, anakigawa viwanja viwili, anavitafutia karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu inathibitishwa na hati ya usajili inayotoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Hati ikishatoka, njia imekufa kisheria pia, na kuifufua kunahitaji fidia au mahakama. Kabla ya hati, chefu wa avenyu na watu wa nyumba kumi wangeweza kuzuia kwa sahihi moja tu ya kukataa. Dirisha hilo ni fupi sana, na hapo ndipo kazi yote ya mipango miji inapopaswa kukazwa.

Kuna namna ya kuona hasara hii kwa namba. Chora mtaa mdogo wenye safu 3 za njia panda, kila safu njia panda 4. Una njia panda 12 na vipande vya barabara 17 vinavyoziunganisha. Ili njia panda 12 ziendelee kuunganika, vinatosha vipande 11. Kwa hiyo una akiba ya 6, maana yake hata lava, moto au lori likifunga kipande kimoja, watu wanazunguka. Sasa funga vipande 4 kwa viwanja vilivyouzwa. Macho yanaona mtaa uleule, na kila nyumba bado inafikika. Lakini vimebaki 13, akiba ni 2. Funga viwili zaidi na akiba imekwisha: tangu hapo kila kizuizi, popote kitakapoangukia, kitawafungia watu fulani ndani. Siku za kawaida hakuna anayelalamika. Mtu anazoea kuzunguka, motari anaongeza nauli kidogo, maisha yanaendelea, na ofisini faili linaonyesha kwamba kila kiwanja kina njia.

Hatuwalaumu wakaaji peke yao. Baadhi ya vijia vimefungwa kwa sababu ya wezi wenye silaha, na hofu hiyo katika Goma ni ya kweli kabisa. Kuna tofauti kubwa, hata hivyo, kati ya ukuta na lango. Lango la mabati lenye upana wote wa njia, linalofungukia upande wa kutokea, lenye funguo mbili zinazokaa kwa nyumba mbili tofauti za nyumba kumi, linazuia mwizi na linaokoa familia. Ukuta unafanya la kwanza tu.

Somo lililokuwapo tangu 2002

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilitoka katika nyufa za ubavu wa kusini, ikapita juu ya sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikaingia katikati ya mji na kufika ziwani. Ilifunika takriban asilimia 13 ya mji. Ndani ya mji ilikwenda polepole kuliko mtu anayetembea, na hilo liliokoa wengi. Wakati ule watu mamia kwa maelfu walikimbia, wengi kwenda Gisenyi, na baada ya siku chache wakaanza kurudi.

Mashine zilifungua barabara kuu juu ya lava. Wenye viwanja nao walirudi juu ya viwanja vyao, wakajenga upya nyumba za mbao mahali ileile, mita moja, mbili au zaidi juu ya sakafu ya zamani. Katikati ya mji kuna majengo ambayo ghorofa ya chini ilizikwa, na mlango wa leo ulikuwa dirisha la juu. Mawe ya mipaka yalikuwa chini ya mwamba. Kwa muda wa majuma machache, basi, ardhi ya mji ilikuwa karatasi nyeupe, na hiyo ndiyo nafasi ambayo mpangaji huipata mara moja katika maisha yake: kuchora upya avenyu mbili tatu kabla mtu wa kwanza hajapigilia ubao. Watu waliopoteza kila kitu hawawezi kusubiri ramani, na ni haki yao. Kwa hiyo ramani inapaswa kuwa tayari kabla, imewekwa kwenye kabati la meya, ikisubiri siku hiyo.

Jambo moja la kiufundi husahaulika. Ukingo wa mtiririko wa lava ni ngazi. Avenyu iliyokuwa sawa sasa ina kipando cha mita 2 palipoishia lava. Mtu mzima anapanda kwa mikono, lakini chukudu, ambulansi na kiti cha magurudumu haviwezi. Gari linahitaji mteremko usiozidi asilimia 12, yaani kipando cha mita 2 kinadai tuta la urefu wa mita 17. Ukishamwachia mwenye kiwanja cha pembeni ajenge ndani ya zile mita 17, njia hiyo imefungwa kwa magari milele, hata kama ramani inaionyesha wazi. Tuta linajengwa kwa makoro yaliyopondwa, makubwa chini na madogo juu, na ni kazi ya salongo (kazi ya pamoja ya wakaaji) za Jumamosi chache tu iwapo kuna mashine ya kupondea.

Na kuna suala la petroli. Siku chache baada ya lava ya 2002, kituo cha mafuta katikati ya mji kililipuka na kuua watu wengi. Kituo kinachowekwa kwenye njia panda kuu kinauza vizuri, na kwa sababu hiyohiyo siku ya kukimbia kinakuwa mahali ambapo umati wote unapita. Tungekataa kibali cha tangi jipya lolote kwenye barabara ya Sake ndani ya mji. Mita 200 ndani ya avenyu pana ya pembeni zinatosha kuokoa biashara na kuiacha njia kuu.

Magharibi si patupu

Mtu akiangalia ramani atasema: basi mji upanuliwe magharibi, Lac Vert na Mugunga, mbali na njia ya lava ya 2002 na 2021. Ndivyo mji unavyokwenda wenyewe, na ndiko kambi za waliohamishwa na vita zilikojaa kabla ya 2025, Bulengo ikiwa mojawapo. Lakini huko kuna mazuku.

Kila mtoto wa Goma anajua neno hilo. Ni gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini na kulala mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Haina rangi. Ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, kwa hiyo huua waliolala chini na wafupi: watoto, mbuzi, kuku. Majani yaliyonyauka ndani ya bonde dogo wakati pembeni ni mabichi, au wadudu na ndege waliokufa, ni alama ya kutosha ya kutokanyaga.

Kwa mpangaji wa viwanja mazuku ina tabia tatu. Inatiririka kama maji kufuata mteremko, kwa hiyo tuta la barabara likikata bonde linaweza kuwa bwawa la gesi upande wa juu. Haizuiwi kwa kufukia shimo kwa makoro, sababu mawe hayo yana nafasi na gesi inapenya katikati. Na uzio mrefu wa mawe uliofungwa pande zote unaifuga ndani ya ua. Kiwanja kilicho ndani ya bonde lenye mazuku hakifai kulala mtu, kwa bei yoyote, hata kwa muda. Kinafaa kubaki wazi na kuwekewa alama. Barabara mpya ya miguu ya kwenda Sake lazima ipite juu ya mgongo wa ardhi, hata kama inaongeza nusu kilomita.

Sake yenyewe iko karibu na ghuba ya Kabuno, ambako gesi ya kaboni imekusanyika katika kina kidogo kuliko sehemu nyingine za ziwa. Ni mji mdogo, na mwaka 2021 ulipokea umati usioweza kupata maji wala mahali pa kulala. Njia ikifika Sake inagawanyika, moja kwenda Masisi na nyingine Minova na Bukavu. Mpango wa kuhamisha watu unaoishia Sake umeishia kwenye njia panda, na watu wakisimama njia panda, walio nyuma yao husimama pia, hadi Mugunga.

Kazi ya kuanzia

Kazi ya kwanza haihitaji mhandisi wa kigeni. Chefu wa kila avenyu, pamoja na mtu wa kadastri na mtu wa nyumba kumi, watembee avenyu yao na utepe wa mita 30. Waandike vitu vinne: upana wa koo la njia na kinachoibana, njia inaishia wapi, kipando cha lava kina kimo gani, na kama kuna lango, funguo ziko kwa nani. Avenyu ya mita 400 inamalizika kabla ya saa sita mchana. Karatasi za mitaa ya kaskazini zikiunganishwa, zitaonyesha mistari miwili au mitatu ya mashariki hadi magharibi inayokaribia kunyooka, na vizuizi vichache vinavyoikata. Fidia itafutwe kwa hivyo vichache tu. Anayeanza kwa kutangaza kupanua avenyu zote atapata kesi nyingi kuliko mita.

Mistari hiyo ikichaguliwa, komine, yaani serikali ya sehemu hiyo ya mji, ipige marufuku karatasi mpya ya kiwanja chochote kinachoigusa, na nakala ya marufuku ikae ofisi ya ardhi, kwa sababu mpimaji anayetoka ofisi moja huwa hajui ofisi ya pili ilikataa nini.

Kila mtaa upewe mlango wake wa kutokea na mahali pake pa kukutania. Baada ya usiku wa 22 Mei UNICEF ilihesabu zaidi ya watoto 150 waliotengana na familia zao. Baba alikimbilia bariyeri, mama barabara ya Sake, mtoto akafuata jirani. Alama zipakwe rangi nyeupe moja kwa moja juu ya kuta za makoro, kwa kimo cha kifua, kila njia panda, mshale na jina la mtaa unaofuata. Kibao cha mbao hakitadumu Goma, kitakuwa kuni kabla ya mwezi kwisha. Rangi juu ya jiwe hubaki, na kwa mwanga wa simu inasomeka usiku umeme ukiwa umekatika.

Mtaa wa kuanzia ni Bujovu, kwa kuwa hauna njia ya kwenda magharibi moja kwa moja na hautaipata maadamu uwanja wa ndege uko hapo. Kwao mlango wa kutokea ni mpaka, na ratiba ya bariyeri usiku wa dharura inapaswa kukubaliwa kwa maandishi na upande wa Rubavu, wilaya ya Rwanda yenye Gisenyi, wakati mlima umetulia. Mkutano huo ni wa mameya wawili ambao ofisi zao zinatenganishwa na mwendo wa miguu.